Mbwa Mgeni Bomani: Pesa ya Kwanza Iende Wapi?

Kupata mbwa Nyeri si kazi. Karibu kila kijiji kuna mtu ambaye mbwa wake jike amezaa, na anatafuta pa kuwapeleka watoto. Mara nyingi hataki zaidi ya ahsante. Gharama huanza mbwa akishaingia langoni kwako, na wiki mbili za kwanza ndizo huamua kama utatumia hela kidogo au nyingi.

Anza na chanjo, hata kama itabidi vingine vingoje. Mtoto wa mbwa anahitaji aina mbili: ya mseto, inayomkinga na pavo, ule ugonjwa wa kuhara damu, na magonjwa mengine ya utotoni, na ya kichaa cha mbwa. Ya mseto huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa hudungwa akiwa na miezi 3, ikarudiwa mwaka unaofuata kama daktari atakavyoelekeza. Unapouliza bei utatajiwa ya sindano moja. Uliza jumla ya zote, na uulize pia bei ya kadi ya chanjo na nauli ya daktari akija kwako kwa pikipiki.

Nauli hiyo ina dawa yake. Ongeeni majirani wawili watatu wenye mbwa, mwiteni daktari siku moja, mgawane. Ukiamua kwenda kliniki mjini, mbebe mtoto ndani ya katoni na usimweke chini kwenye sakafu wala uani pale, kwa sababu pavo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Kwa sababu hiyo hiyo, kama mbwa wako wa awali alikufa kwa kuhara damu, usilete mtoto asiyechanjwa kwenye boma hilo. Kumtibu pavo ni siku kadhaa za dripu, na bado anaweza kufa.

Kuna wanaonunua kichupa cha chanjo agroveti wakakitia mfukoni hadi Othaya wamdunge mbwa wenyewe. Hapo huokoi kitu. Chanjo hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ikishapata joto unadunga maji. Daktari makini hutoa kichupa kwenye kibebeo chenye barafu, anakichanganya mbele yako, anabandua kile kibandiko cha namba na kukigandisha kwenye kadi, kisha anatia sahihi. Kadi isiyo na kibandiko ikague mara mbili kabla ya kulipa.

Kabla hujalipia chanjo ya kichaa, uliza ofisi ya mifugo ya wadi yako kama kuna siku ya chanjo ya bure. Laikipia, upande wa Nanyuki, kumekuwa na kampeni za bure tangu 2015, na sehemu nyingi huziweka karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Usiipuuze chanjo hii: mtu akishaumwa na mbwa anayeshukiwa, huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha huanza msururu wa sindano hospitalini, na bili yake haikaribiani na ya chanjo ya mbwa.

Dawa ya minyoo ni ya bei ndogo, kwa hiyo usiibanie. Viroboto na kupe ndipo watu hukosea. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ipo tayari nyumbani na inaonekana ni ya bure, lakini kipimo chake si cha mtoto wa mbwa na inaweza kumuua. Poda ya mbwa ni nafuu ila haidumu. Matone ya kumwagia shingoni ni ghali kidogo na hukaa takriban mwezi. Kwa mwenye mbwa mmoja, matone ndiyo ninayopendekeza, mradi asome uzani kwenye paketi.

Sasa malazi. Julai ya Nyeri si ya mchezo. Banda la mabati matupu hujengwa haraka na huzuia mvua, lakini usiku ni barafu na mchana ni tanuri. Banda la mabaki ya mbao kutoka kiwanda cha kupasua magogo huwa nafuu kuliko watu wanavyodhani, na hudumu likipakwa oili chafu nje tu, likakauka kabisa kabla mbwa hajaingia. Paa liwe la bati. Sakafu iinuliwe juu ya mawe manne, mlango uwe mdogo na uelekee mbali na upepo, na gunia lining'inie kama pazia.

Blanketi kuukuu ni bure, ila likilowa wakati wa manyunyu halikauki. Karibu na Timau na Nanyuki kuna nyasi kavu za ngano, na hizo ni bora. Upande wa Kirinyaga, maganda ya mpunga ya Mwea ni rahisi kupata lakini yana vumbi. Vumbi la mbao lisiwe bichi. Chochote utakachotumia, kitupe kikilowa.

Chakula: usimbadilishie wiki ya kwanza. Muulize aliyekupa alikuwa akimlisha nini, umpe hicho hicho, kisha uchanganye kipya kidogo kidogo. Kuhara kwa mabadiliko ya ghafla hukupeleka kwa daktari bure. Ukienda dukani, gawanya bei kwa kilo. Kwa mfano, gunia la kilo 20 likiwa shilingi 2,400 ni 120 kwa kilo, na paketi ya kilo 2 ikiwa 400 ni 200. Ila gunia kubwa lililofunguliwa huchacha na kuvutia panya, hivyo kwa mbwa mmoja mdogo nunua la kati. Ugali na omena vinafaa, bila chumvi na vitunguu. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe.

Kumzoesha hakuna bei. Omba kitambaa chenye harufu ya mama yake, ukiweke bandani. Mtu mmoja amlishe saa zile zile. Usiku wa kwanza atalia, na kumpiga hakumnyamazishi. Usimwogeshe siku ya kwanza kwenye baridi hii. Mbwa mzima atajaribu kurudi alikotoka, kwa hiyo mfunge, lakini si kwa mnyororo mfupi kwenye mti. Nyosha waya mnene kati ya nguzo mbili, mnyororo utelezee juu yake. Mita chache za waya ni nafuu kuliko ua mzima, na mbwa anapata nafasi ya kutembea.

Jike hutolewa bure kirahisi kuliko dume, na sababu unaijua: takriban kila miezi 6 huingia joto. Ukimchukua, weka akiba ya upasuaji wa kumfunga kizazi tangu mwezi wa kwanza.

Kama una hela kidogo leo, chanja, mpe dawa ya minyoo na umjengee banda kavu. Mkanda wa kupendeza na bakuli la chuma visubiri mwisho wa mwezi, sufuria kuukuu inatosha.