Kuchagua Ndoana kwa Anayeanza Kufunga Chambo cha Manyoya

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika kazi nyingi za mikono msemo huo ni wa kweli, lakini iko kazi moja ambayo kuchagua ndiyo nusu ya kazi yenyewe. Nayo ni kufunga chambo cha manyoya: ndoana ndogo hubanwa katika jiliwa, kisha ikazungushiwa uzi, manyoya ya kuku na nywele za wanyama, hata ikafanana na mdudu wa majini au kisamaki. Wavuvi wa mchezo hukiita chambo hicho nzi, kwa kuwa vya kwanza viliigizwa wadudu warukao juu ya maji.

Kazi hii si ngeni nchini mwetu. Samaki wa trauti waliletwa kutoka Uskoti mwanzoni mwa karne ya 20, wakatiwa katika mito ya baridi ya milima ya Aberdare. Uvuvi wa nzi ulifuatana nao. Leo wako wanawake wa bara wanaofunga chambo hicho kwa mikono, kikauzwa kwa dazeni hadi Ulaya na Marekani. Huku Pwani nako, wageni hufika Watamu na Malindi na chambo cha namna hiyo kutafuta kolekole, nguru na sulisuli. Mkono uliozoea kudarizi kofia au kusuka ukili tayari una nusu ya ujuzi unaotakiwa. Kwa hiyo tumeona vyema kueleza pale anayeanza anapokwama mara nyingi, yaani mbele ya sanduku la ndoana dukani.

Kwanza, tuzijue sehemu zake. Ndoana ina tundu la kupitishia mshipi, shina ambalo juu yake ndipo tunapofunga, mpindo, ncha, na kijino kidogo kinachomzuia samaki asichomoke. Nafasi iliyoko baina ya shina na ncha tutaiita mdomo. Manyoya yakiujaza mdomo huo, ncha haimpati samaki hata chambo kiwe kizuri namna gani.

Pili, tuzielewe namba, kwani ndipo fedha nyingi zinapopotea. Ndoana ya namba 20 ni ndogo kuliko ya namba 10, na ya namba 10 ni ndogo kuliko ya namba 2. Hesabu hushuka hivyo mpaka 1, kisha hugeuka: 1/0, 2/0, 3/0, na hapo kila namba ikipanda ndoana huzidi ukubwa. Mama anayemtuma mwana dukani amwandikie namba kwa karatasi, maana 2 na 2/0 ni ndoana mbili zilizoachana mbali. Ziko pia alama za urefu wa shina. Alama ya 2XL maana yake ni kwamba shina lina urefu wa ndoana iliyo kubwa zaidi kwa saizi mbili. Hata hivyo viwanda havilingani sawasawa katika vipimo, kwa hiyo anayefunga dazeni moja atumie ndoana za kiwanda kimoja na za namba moja. Mnunuzi hutaka vyambo 12 vinavyofanana, na mfanano huo huanzia kwenye ndoana.

Tatu, tujue ndoana inakwenda kufanya kazi gani. Nzi wa kuelea juu ya maji huhitaji waya mwembamba ili uzito usimzamishe. Namba 12 au 14 yenye shina la kawaida yafaa. Chambo cha kuzama huhitaji waya mnene. Chambo cha baharini huhitaji chuma kisichoshika kutu, kwani ndoana ya kawaida ikishaonja maji ya chumvi huanza kuliwa, na kutu ikayaharibu hata manyoya.

Anayeanza asinunue aina zote hizo kwa pamoja. Ushauri wetu ni pakiti moja tu: namba 8, shina refu, waya mnene. Ndoana hiyo hufungiwa chambo kiitwacho Woolly Bugger, chenye mkia wa manyoya laini na mwili uliozungushiwa unyoya wa jogoo. Ni kikubwa kiasi cha jicho kukiona vyema, na shina lake refu huacha nafasi ya kukosea. Wanafunzi wengi hujaza nyuzi na manyoya hadi kwenye tundu, mshipi ukakosa pa kupita. Shina refu huwafunza kuacha nafasi. Mkono ukishazoea, ndipo aende kwenye namba 12, au kwenye 1/0 ya baharini kwa kisamaki kama kile alichokibuni Mmarekani Bob Clouser katika miaka ya 1980. Macho yake mazito hukipindua majini, ncha ikatazama juu, na hivyo hakinasi chini upesi.

Kabla ya kuanza kufunga, kila ndoana ijaribiwe. Iguse ncha juu ya ukucha: ikiteleza ni butu, ikishika ni kali. Ibane katika jiliwa na kulisukuma shina kidogo kwa kidole: iliyo njema hurejea mahali pake, inayobaki imepinda ni laini mno, na inayovunjika ni kavu mno. Litazame na tundu pia. Likiwa halikufumba sawasawa, litaukata mshipi. Ni afadhali kuitupa ndoana moja kuliko kupoteza kazi ya nusu saa iliyofungwa juu yake.

Kuhusu kijino, twapendekeza kibanwe kwa koleo mpaka kilale, kabla ya kufunga. Samaki aliye mdogo hurejeshwa majini bila ya kuchanwa kinywa, na ndoana ikiingia katika kidole cha mtu hutoka kwa wepesi.

Jambo hilo latufikisha nyumbani. Ndoana iliyoanguka mkekani haionekani mpaka imchome mtoto. Basi kazi hii ifanywe mezani, juu ya kitambaa cheupe. Ndoana zihesabiwe kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Iliyopotea itafutwe kwa sumaku kabla ya mtu yeyote kuondoka, na zilizobaki zifungiwe mahali mkono wa mtoto haufiki.

Mwanzo wa ngoma ni lele. Anayeanza na pakiti moja, akaimaliza yote kwa chambo cha namna moja, atakuwa amejifunza zaidi ya aliyenunua sanduku zima akafunga kimoja cha kila aina. Akivipanga vyambo vyake mezani, cha kwanza hadi cha mwisho, ataona mwenyewe mahali mkono wake ulipotengemaa.