Arles: Tishari Lililolala Topeni

Kutoka Lyon hadi Arles, meli ya watalii inayoshuka mto Rhône hupita malango 12 ya maji. Lile la Bollène peke yake huishusha zaidi ya mita 20; kuta za saruji hupanda kushoto na kulia mpaka abiria wanaona mbingu kama utepe mwembamba. Ukifika Arles, wanakupokea simba wa mawe, masalio ya daraja la reli lililobomolewa kwa mabomu mwaka 1944.

Ratiba ilitupa nusu siku tu. Wengi walikwenda kumtafuta Vincent van Gogh, nami siwalaumu. Aliishi hapa tangu Februari 1888 hadi Mei 1889, na usiku mmoja wa Septemba alichora nyota na taa za mji zikimeremeta juu ya maji ya mto huu. Nyumba yake ya njano haipo tena. Nayo iliharibiwa na mabomu ya 1944.

Mimi nilipanda kwanza kwenye uwanja wa Kirumi, uliojengwa mwishoni mwa karne ya kwanza kwa watazamaji wapatao 20,000. Dola ya Roma ilipoanguka, wenyeji waliokimbia vita walihamia ndani yake. Wakaongeza minara, wakajenga nyumba zaidi ya 200 na makanisa mawili madogo. Vizazi kwa vizazi watu walizaliwa, wakaoa na kufia pale palipomwagwa damu ya wapiganaji. Nyumba hizo zilibomolewa katika karne ya 19 ili uwanja uonekane. Leo unapendeza, lakini nilijikuta nikiwawaza waliohamishwa.

Hata hivyo, kitu kilichonishika moyo Arles kimo katika makumbusho ya mambo ya kale, nje kidogo ya mji, kandokando ya mto. Ni tishari la Kirumi la mbao, urefu wa mita 31, lililozama likiwa na shehena ya mawe ya ujenzi. Wapiga mbizi waliligundua mwaka 2004, likiwa limefunikwa na tope na takataka za bandari ya kale. Mwaka 2011 lilikatwa vipande 10 na kuinuliwa, mbao zikatibiwa zisisinyae, na tangu 2013 limelala humo zima. Tope ndilo lililolihifadhi, kwa kuwa liliizuia hewa kuozesha mbao.

Nyuma ya tishari kuna jiko la mabaharia: nusu ya mtungi mkubwa wa udongo, ndimo walimowasha moto wao. Nilisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Julius Caesar aliandika kwamba Arles ilimjengea meli 12 za vita kwa siku 30, mwaka 49 K.K., na jina la Caesar halikusahaulika. Wapishi wa jiko lile hawakuandikwa na mtu. Kamba waliyofungia mlingoti, ikivutwa kutoka ukingoni, iliwapandisha mto, hatua kwa hatua, wakati mkondo unawasukuma nyuma, na mji ule wa marmari ulijengwa kwa mizigo yao.

Ukifika Arles na saa chache tu, anzia kwenye makumbusho hayo. Ni mwendo wa dakika 20 hivi kwa miguu kutoka katikati ya mji, na Jumanne hufungwa.