RIMU ZIMETOKEZA NJE, BERINGI ZINALIA NDANI!

WEWE unayependa kuuza sura mjini, hebu simama kidogo. Kabla hujamwaga mshiko wako kwenye rimu mpya, geuza rimu uangalie mgongoni. Kuna kinamba kidogo kinaanza na herufi ET. Hicho ndicho kilichoniumbua mimi.

Mkoko wangu ni Harrier, ile ya 2003 hadi 2013 ambayo vijana wameibatiza "tako la nyani". Siyo gari la maonyesho hata kidogo. Asubuhi linapeleka watoto shule, halafu Kimara hadi Posta, jioni foleni, Jumamosi mama mkwe na viroba vyake. Sasa nikaona rimu za kiwandani zimekaa kizee, zimejificha ndani ya madigadi kama kobe. Nikatafuta nyeusi, inchi 17, upana inchi 8. Muuzaji akajaribu nati tano, zikaingia. "Inakaa hiyo, braza!" Na kweli ilikaa. Bomba ile mbaya!

Raha ilidumu miezi minne. Kwanza, tukipanda watu watano na kupita kwenye tuta, tairi linakwangua madigadi. Tope linaruka mpaka vioo vya ubavuni. Nikiingia shimo, usukani unanivuta kama punda mkaidi. Halafu ukaja mlio, uuuuu, unaopanda kadiri spidi inavyopanda. Nikasema ni matairi tu, nikaongeza sauti ya redio.

Fundi alipoinua gari kwa jeki na kutikisa gurudumu la mbele, lilicheza mkononi mwake.

"Bosi, watoto wanapanda humu?"

"Kila siku, fundi."

Hakuniambia kitu kingine. Aliendelea tu kufungua nati, na mimi nikatafuta pa kukaa.

Mambo yenyewe ni haya. ET ni umbali, kwa milimita, kati ya katikati ya upana wa rimu na pale rimu inapogusana na habu. Mafundi wengine huita ofseti. Namba ikishuka, gurudumu linatoka nje. Ikipanda, linazama ndani. Rimu za kiwandani za Harrier yangu ni upana 6.5 na ET35. Zile za kuuzia sura zilikuwa upana 8 na ET0! Upana umeongezeka inchi moja na nusu, yaani milimita 38, nusu yake 19 inakwenda nje. Jumlisha 35 za ET. Gurudumu limesogea nje milimita 54, vidole vitatu hivi. Beba ndoo ya maji karibu na mwili, halafu ibebe kwa mkono ulionyooka, uone bega litakavyowaka. Beringi nayo ni hivyo hivyo.

Usikimbilie upande wa pili pia. Kwa gari hilo hilo, upana 8 na ET50 unaingia ndani milimita 34 zaidi, tairi linaweza kusugua shokapu. Na spesa siyo ujanja: ya milimita 20 inageuza ET35 kuwa ET15, beringi haidanganyiki.

Kwa gari la kila siku mimi sasa nasema upana 7 au 7.5, ET ibaki palepale 35 au jirani yake. Kwa 7.5 unapata milimita 13 nje na 13 ndani, macho yanashiba. Tundu la katikati nalo likae sawa kwenye habu, ambayo kwa Harrier hii ni milimita 60.1; likiwa kubwa, dai ringi ya kuziba, la sivyo usukani utatetemeka. Kabla hujalipa, funga gurudumu moja la mbele, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, kisha pakia washikaji wanne mkapande tuta. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Beringi mbili zimebadilishwa, rimu za kizee zimerudi. Zile nyeusi ziko uani, mama watoto anaanikia vyombo.