Aisha Masaka: Kutoka Mwanza hadi Ligi Kuu ya Uingereza

Mshambuliaji wa Twiga Stars, Aisha Masaka, aliyezaliwa mwaka 2003, alipitia Alliance Girls ya jijini Mwanza, timu iliyokulia katika shule ambako masomo na mazoezi huenda pamoja.

Kutoka hapo alijiunga na Yanga Princess ya Dar es Salaam. Mwaka 2022 alisajiliwa na BK Häcken ya Sweden, na mwaka 2024 na Brighton & Hove Albion, inayoshiriki Ligi Kuu ya Wanawake ya Uingereza.

Kwa mzazi wa Kanda ya Ziwa anayehofu kwamba mpira utamkatisha binti yake masomo, safari hiyo inaonesha kuwa kipaji kinaweza kulelewa shuleni, hatua kwa hatua, hadi Ulaya.