Ngao ya Mhehe na Ngao ya Mtume Paulo

Mhubiri wa Iringa au Mbeya anapofundisha juu ya silaha zinazotajwa katika Waefeso sura ya 6, msikilizaji wake husikia neno "ngao" na mara huiona ngao ya babu zake. Katika makala haya tunakusudia kueleza vifaa vya askari waliopigana katika nyanda zetu, ili tuone mahali ambapo ngao hizo mbili zinaachana.

Askari wa Kihehe alibeba vitu vichache: mikuki ya kurusha, mkuki wa kuchomea, na ngao ya ngozi ya ng'ombe. Namna hiyo ya kupigana Wahehe waliipata kwa Wasangu, nao Wasangu walijifunza kwa Wangoni waliotoka kusini. Ngao ya ngozi ni nyepesi. Ni ngao ya mtu anayemkimbilia adui.

Kikosi cha Emil von Zelewski kilikuwa na bunduki, mizinga, bunduki za rashasha na wapagazi wengi. Tarehe 17 Agosti 1891 kilipita Lugalo, mashariki ya Iringa, katika msafara mrefu, mizinga ikiwa imepakiwa juu ya punda. Wahehe walipotokea ghafla, askari walio wengi hawakuwahi kupiga zaidi ya risasi moja au mbili. Wazungu 10 walikufa, akiwemo Zelewski mwenyewe, pamoja na askari zaidi ya 200 na wapagazi wengi. Wahehe nao walizika watu wao. Hapo tunajifunza kwamba silaha iliyofungwa mzigoni ni mzigo tu.

Hata hivyo, ngao ya ngozi ilikuwa na mpaka wake. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliiteka Kalenga kwa msaada wa mizinga, ijapokuwa ilizungukwa na ukuta wa mawe. Mkwawa aliendelea kupigana akiwa mafichoni, hata alipojiua tarehe 19 Julai 1898.

Sasa tumrudie Paulo. Neno la Kigiriki analolitumia, thureos, linatokana na neno lenye maana ya mlango. Ilikuwa ngao ndefu ya mbao iliyofunikwa kwa ngozi, ya askari anayesimama bega kwa bega na mwenzake. Na amri inayorudiwa katika sura hiyo ni kusimama, wala si kushambulia. Aidha, adui anayetajwa si mwanadamu.

Jambo hili si dogo kwetu. Katika vita vile Wasangu wa Merere walikuwa upande wa Wajerumani dhidi ya Mkwawa, na leo wajukuu wa pande zote mbili huketi katika benchi moja la kanisa. Mhubiri asipoeleza ni ngao ipi anayoisema, mmoja atajiona anaitwa kukimbia na mkuki, na mwingine atajiona ndiye anayekimbiliwa. Akiieleza vema, wote wawili watasikia wakiitwa kusimama katika safu moja.