Hoja ya Mikumi Ikifika Kilosa

Anayesafiri kati ya Morogoro na Iringa anaijua Mikumi: mabasi husimama, abiria hula, malori hulala. Ndiyo maana ushuru, stendi, maegesho na taka ni mambo yanayowagusa wakazi wake kila siku. Mji huo ulipewa hadhi ya mji mdogo, lakini ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa. Sheria ndogo za ushuru hupitishwa na baraza la madiwani lenye makao yake Kilosa mjini, mwisho wa barabara inayotoka Mikumi na kupitia kata ya Ulaya. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Mikumi anayetaka jambo lake liamuliwe anahitaji kujua hoja hupita wapi, na huishia wapi.

Njia ya hoja huwekwa na kanuni, na kwingine wakazi wenyewe wana usemi juu ya kanuni hizo. Miji mingi ya Marekani ina katiba yake ya mji, na wakazi huipigia kura. Novemba 2024 wakazi wa New York waliulizwa kama baraza lao litoe taarifa ya siku 30 kabla ya kupigia kura sheria zinazogusa polisi, magereza na zimamoto, wakakubali. Kwetu Tanzania mambo yako tofauti. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, na ziliporudishwa Bunge lilitunga Sheria Na. 7 ya 1982 kwa mamlaka za wilaya. Chini ya sheria hiyo kuna Kanuni za Kudumu, zinazosema mkutano uitishwe vipi, hoja iletwe vipi na kura ipigwe vipi. Mkazi hazipigii kura. Anayeshughulika nazo kwa niaba yake ni diwani.

Tuseme wauza chakula wa stendi wanaona ushuru umepanda mno. Wakipiga kelele siku ya mkutano wa hadhara, mtendaji atawasikiliza na jambo litaishia hapo. Likipita kwenye vikao vya kitongoji na Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, tayari lina maandishi. Diwani akilipeleka kwa maandishi kwa mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza, linaweza kuingia kwenye ajenda. Kamati ya Fedha, Utawala na Mipango italichambua kabla baraza halijaketi. Huko kwenye kamati ndiko kazi kubwa hufanyika. Barazani mara nyingi huja uamuzi ulioiva. Na sheria ndogo yenyewe ikitaka kubadilishwa, wananchi wanapaswa kutangaziwa ili watoe maoni na pingamizi, kisha Waziri aridhie, ndipo itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Anayeahidi kufuta ushuru kesho asubuhi anawadanganya watu.

Wapo madiwani wanaolalamika kwamba kanuni huzima hoja. Wana haki ya kulalamika pale mwenyekiti anapokata mjadala kwa kisingizio cha muda, au pale makabrasha yanapogawiwa asubuhi ya kikao. Hilo la makabrasha linanikera kuliko yote. Diwani aliyetoka kata ya mbali hawezi kusoma bajeti nzima huku mwenyekiti akifungua kikao, na asiyesoma hawezi kuhoji. Atanyoosha mkono tu. Kutoa karatasi mapema ni sharti la kwanza la mjadala wa kweli. Lakini dawa yake si kuziweka kanuni kando. Wenye wingi wa kura hawahitaji kanuni, kwa sababu watashinda hata bila hizo. Anayezihitaji ni diwani mmoja wa kata ndogo, mwenye hoja nzuri na marafiki wachache, ili apewe nafasi ya kusema na jibu lake liandikwe.

Hapo ndipo ilipo sehemu ya ajenda ambayo wengi huipita haraka: kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, kisha yatokanayo na muhtasari huo. Ahadi ya mkuu wa idara isiyoandikwa kwenye muhtasari imekufa. Ikiandikwa, itarudi baada ya miezi mitatu, na mhusika atatakiwa kueleza amefanya nini. Diwani makini husoma muhtasari kwa kalamu mkononi na kudai usahihishwe kabla haujathibitishwa.

Kilosa ina sababu ya kulichukulia jambo hili la muhtasari kwa uzito. Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Katika wilaya yenye historia hiyo, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaoonyesha nani alihudhuria na nini kilikubaliwa kuhusu ardhi ni ushahidi unaogusa uhai wa watu. Kuugushi, au kuuandika baada ya mkutano kwa namna inayompendeza mtu fulani, ni kosa zito.

Mikutano ya baraza la madiwani ni ya wazi. Mwananchi haruhusiwi kuchangia kama mjumbe, lakini ana haki ya kukaa na kusikiliza. Ningependa kila ofisi ya kata, kuanzia Mikumi hadi Kimamba, ibandike tarehe ya kikao, ajenda yake na maazimio yaliyopita. Hilo halihitaji sheria mpya wala bajeti. Nawe mkazi, mwulize diwani wako swali moja: hoja yetu imo kwenye yatokanayo ya kikao kijacho? Kama haimo, mwambie aiandike na kuiwasilisha wiki hii.