Kasi ya Mashine Imo Ndani ya Kisanduku



Zamani kuongeza kasi ya mashine hakukuwa siri. Fundi alisimamisha kazi, akafungua mkanda, akabadilisha puli, na zamu nzima ikamwona. Siku hizi viwanda vingi vina kisanduku ukutani, chenye vitufe na tarakimu. Msimamizi hubonyeza, mashine hukimbia zaidi, na wewe wadhani umezeeka.

Kisanduku hufanya hivi. Umeme wetu, uwe Kenya, Uganda au Kongo, hupiga mara 50 kwa sekunde. Mafundi husema hezi 50. Mota hufuata mpigo huo. Kisanduku huupokea umeme na kuutoa kwa mpigo mwingine. Kikitoa 40, mota hupunguza mwendo. Kikitoa 55, palipopita vipande 100 sasa hupita 110, na mikono ni ile ile miwili.

Chombo chenyewe si kibaya. Danfoss ya Denmark ilianza kukitengeneza kwa wingi mwaka 1968, na leo vyatoka pia Ujerumani, Japani na China. Marekani umeme ni hezi 60. Japani mashariki ni 50, magharibi 60. Kisanduku hupokea wowote, ndiyo maana huuzwa kila pembe: kwa lifti, pampu za mashambani, feni za kunyausha majani ya chai. Feni ikipunguzwa kasi hadi nusu, hula karibu sehemu moja tu ya nane ya nguvu. Hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi upo penye mashine inayolishwa kwa mkono. Katika kiwanda kimoja akina mama wa kufunga pakiti walilalamika mwezi mzima, wakaitwa wavivu. Fundi kijana akatuonyesha tarakimu: 56. Tuliingia mkutanoni na namba hiyo, si na manung'uniko, ikarudishwa 50.

Jihadharini pia: mashine iliyosimamishwa kwa kitufe cha kisanduku bado ina umeme, na yaweza kuanza ghafula. Kabla ya kutia mkono, zima swichi kuu, tia kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako. Fundi naye asikifungue kisanduku mara moja; umeme hubaki ndani kwa dakika kadhaa.

Mwakilishi wa kila zamu asome tarakimu kazi inapoanza, aiandike daftarini pamoja na tarehe na saa. Vingine huonyesha asilimia au mizunguko ya mota badala ya hezi. Andika hiyo hiyo unayoiona.